Mafaili 61 ya mashine moja

Swali limetoka kwa msomaji wa Mwandiga, Kigoma. Nimelifupisha:

"Shikamoo mhandisi. Nina karakana ndogo, natengeneza mashine za kukamua mawese na michoro nachora mwenyewe kwa programu ya FreeCAD. Nilianza na mashine moja. Sasa kila mteja anataka yake: wa Simbo anataka ya injini ya dizeli, wa Ujiji ya mota, wa Kasulu anataka pipa kubwa zaidi, mwingine anataka iwe na matairi. Mapipa tu nimeshachora ya kipenyo cha mm 350, 360, 380, 400, 420 na 450. Oda ikija nakopi faili la zamani, nabadilisha, nalipa jina jipya. Nimefika mafaili 61. Mwezi uliopita nilihamia beringi kubwa zaidi, kutoka UCP 206 kwenda UCP 207, nikarekebisha mafaili niliyoyakumbuka. Fundi wangu akatoboa fremu mbili kwa mchoro ambao sikuugusa. Rafiki yangu wa Dar anasema bila kununua SolidWorks sitatoka hapa. Niweke kila kitu kwenye faili moja au niendelee na mengi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na la pesa, maana ndilo litakalokuumiza mapema: usinunue programu kwa sababu hii. Rafiki yako hakukudanganya. SolidWorks ina kitu kinachoitwa konfigurasheni, na unaweza kuziendesha zote kwa jedwali la Excel. Inventor ina njia yake. Creo ina majedwali ya familia iliyoyarithi kutoka Pro/ENGINEER, programu ya kampuni ya PTC ya Marekani iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuwazoesha watu mchoro unaotii vipimo vyake. Majina yanatofautiana, kitu ni kilekile: jedwali ambalo kila mstari ni namna moja ya mashine, kila safu ya wima ni kipimo kimoja, na programu inachora upya kwa kusoma mstari uliouchagua. FreeCAD nayo ina jedwali ndani yake, na ni ya bure. Mwenye mafaili 61 ya kukopi kwenye FreeCAD akihamia SolidWorks atakuwa na mafaili 61 ya kukopi kwenye SolidWorks.

Sasa tuiangalie hiyo beringi kwa makini, kwa sababu ndani yake kuna ugonjwa wote.

UCP ni beringi yenye mguu wake wa kufungia kwa bolti. Tarakimu mbili za mwisho za namba yake ukizizidisha kwa 5 unapata tundu la shafti: 206 ni mm 30, 207 ni mm 35. Uamuzi wako ulikuwa mzuri. Uwezo wa shafti kuhimili kusokotwa hukua kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tatu, kwa hiyo 35 dhidi ya 30 imekupa karibu asilimia 59 zaidi. Lakini tazama vinavyosogea pamoja nayo. Matundu ya bolti kwenye mguu wa beringi, kitovu kwa kitovu, yanatoka mm 121 hadi 127. Kimo cha kitovu cha shafti kutoka chini ya mguu kinatoka mm 42.9 hadi 47.6. Yaani shafti nzima imepanda mm 4.7. Tundu kwenye vifuniko vya pipa limehama, mapanga yamesogelea paa la pipa, umbali wa puli mbili umebadilika na tundu la puli yenyewe limekuwa dogo mno kwa shafti mpya. Uamuzi ulikuwa mmoja, lakini vipimo vilivyotakiwa kubadilika ni vitano au sita, mara 61. Hakuna kichwa cha binadamu kinachobeba hesabu hiyo bila kuangusha kitu. Nami yalinikuta nilipoanza kazi: tulikata miguu ya mashine nane kwa mchoro wa wiki iliyotangulia, kwa sababu nilikopi faili usiku na la zamani nikaliacha palepale kwenye folda. Vyuma vile navikumbuka mpaka leo.

Kwa hiyo tatizo lako si wingi wa mashine. Tatizo ni kwamba jambo moja, "shafti yetu ni 35", limeandikwa mahali 61. Likiandikwa mahali pamoja na mengine yote yakalisoma kutoka hapo, unaweza kuwa na namna mia za mashine na ukalala usingizi.

Lakini kabla ya kugusa kompyuta, chukua karatasi uhesabu. Saizi za mapipa ni sita. Waendeshaji tuseme ni wanne: mota ya njia moja, mota ya njia tatu, dizeli, petroli. Chini kuna miguu au matairi, mbili. Sita mara nne mara mbili ni mashine 48. Akija mtu anataka pipa la chuma kisichoshika kutu umefika 96. Jedwali zuri linaweza kukubebea hizo 96, lakini bado fundi wako ni mmoja na stoo yako ni ileile. Kazi kubwa hapa ni ya kukataa, na inafanyika kwa kalamu.

Anza na mapipa. Bamba la chuma tunalonunua ni mm 1220 kwa 2440. Pipa la kipenyo cha ndani 380 kwa bamba la mm 3 lina kipenyo cha katikati ya unene 383, na mzunguko wake ni mm 1203. Kwenye urefu wa 2440 unapata mapipa mawili na kubaki na mm 34 za kukatia na kunyoosha kingo. Sasa chukua lile la 400: katikati ya unene ni 403, mzunguko mm 1266. Unakata moja, unabaki na kipande cha 1174 ambacho hakitoshi pipa la pili. Umepata nini? Ujazo umeongezeka kwa asilimia 11 tu. Asilimia 11 hizo ungezipata kwa kurefusha pipa la 380 kidogo, na vifuniko vikabaki vilevile, mapanga yakabaki na urefu uleule, upana wa fremu ukabaki uleule. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote: amua ni kipimo kipi kimoja kinachoruhusiwa kubadilika, na vingine vifunge. Kwako wewe kipenyo kiwe 380 kwa mashine zote, na saizi itafutwe kwa urefu.

Urefu upi? Usimwachie kila mteja aseme wake. Miaka ya 1870 huko Ufaransa kulikuwa na mhandisi wa jeshi, Charles Renard, aliyekuta kamba za maputo yao ya angani zikiwekwa stoo kwa saizi 425. Akapanga saizi zifuatane kwa kuzidisha kwa namba ileile kila hatua badala ya kujumlisha, akazishusha hadi 17. Mpango huo mpaka leo ni kanuni ya kimataifa: 1, 1.6, 2.5, 4, 6.3, 10. Uzuri wake ni kwamba kila saizi inaizidi iliyotangulia kwa uwiano uleule, kwa hiyo hakuna mbili zinazogombania mteja mmoja, na hakuna pengo kubwa mahali popote. Kwako naona mm 500, 800, halafu 1250, kila moja karibu mara 1.6 ya iliyotangulia. Ila 1250 inakataliwa na bamba la 1220 kwa mm 30, basi iwe 1200. Saizi tatu. Mteja anayetaka ya katikati mwonyeshe bei ya inayofuata juu. Mara nyingi tofauti ya chuma ni ndogo kuliko gharama ya wewe kuchora upya.

Hiyo ya 1200 itakuwa na upekee mmoja. Shafti ndefu hujipinda, na kujipinda hakupandi taratibu: urefu ukizidi mara 1.5 kwa mzigo uleule katikati, kujipinda kunapita mara 3. Kwa hiyo 500 na 800 zitumie shafti ya 35 na UCP 207, na 1200 itumie shafti ya 40 na UCP 208, ambayo matundu yake yako mm 137 na kimo mm 49.2. Najua kwa ile ya 500 shafti ya 35 imezidi mahitaji. Iache hivyohivyo. Hicho chuma kidogo cha ziada kinakununulia beringi moja ya kuweka stoo, tundu moja la puli na kii (kile kipande cha chuma kinachoizuia puli isiteleze kwenye shafti) ya saizi moja, mm 10 kwa 8.

Kuna namna nyingine za mashine zinazokufa zenyewe ukizifanya kuwa marekebisho. Wateja wako wengine wana michikichi ya asili, dura, yenye kokwa nene na nyama kidogo. Wengine wameshaanza kuvuna tenera yenye ganda jembamba na nyama nyingi. Atakuja mtu kukuomba mashine ya tenera. Usimchoree. Koni ya mlango wa kutokea makapi ifanye isogee kwa bolti, ibane au ilegee kufuatana na mzigo ulioingia, na mashine moja itawahudumia wote wawili. Vilevile mota: mahali pake pa kukaa paweke matundu marefu badala ya ya duara, mkanda ukaze kwa kuisogeza, na mota za ukubwa unaokaribiana zitakaa hapohapo.

Sasa waendeshaji. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanachora mashine nzima ya dizeli na mashine nzima ya mota. Mwili wa mashine usijue anayeuzungusha ni nani. Weka mpaka: ncha ya shafti yenye kipenyo na kii ambavyo havibadiliki, na bamba la kufungia lenye matundu manne mahali palepale. Upande mmoja wa mpaka kuna mwili, upande wa pili kuna kiti cha dizeli, kiti cha petroli, viti vya mota. Ukifanya hivyo hesabu yako inageuka kutoka kuzidisha kuwa kujumlisha. Saizi tatu, waendeshaji wanne, chini mbili: kwa kuzidisha ni mashine 24 za kuchora, kwa kujumlisha ni vipande vikuu 9. Mteja bado anachagua kati ya 24. Ile ya 1200 yenye shafti ya 40 ikereze ncha irudi 35, ili mpaka usivunjike, baada ya kuhakikisha kwa hesabu kwamba ncha hiyo inabeba msokoto wa injini utakayoifunga.

Kwa upande wa puli, jedwali lako likufanyie hesabu na likukatalie pia. Tuseme shafti ya kwanza unaitaka iende mizunguko 360 kwa dakika. Mota ya mizunguko 1440 inahitaji uwiano wa nne: puli ya 100 kwenye mota na 400 kwenye shafti. Sasa weka dizeli ya mizunguko 2000 na ile ile 400: fomula inakuambia puli ya injini iwe mm 72. Kompyuta itakuchorea hiyo 72 bila kulalamika. Lakini mkanda wa A (ule mwembamba; B ni mnene zaidi) haupendi puli chini ya mm 75, utapasuka mapema. Kwa hiyo kwenye jedwali weka seli ya ukaguzi inayoandika "HAPANA" puli ndogo ikishuka chini ya 75. Hapo utachagua 80 na 450, upate karibu 356, na hiyo inatosha. Kama unatumia mkanda wa B mwisho ni 125, na puli kubwa ingefika karibu 700. Ukifika huko ujue umetoka kwenye jedwali. Hiyo ni mashine yenye hatua mbili za puli, inastahili mchoro wake wenyewe. Kujua mahali ambapo jedwali linaishia ni sehemu ya kazi.

Kwenye FreeCAD yenyewe, fungua faili moja la vipimo vya pamoja. Ndani yake weka jedwali la mistari mitatu, 500, 800 na 1200, na safu chache: urefu, shafti, beringi, unene. Pembeni weka jedwali dogo la beringi, 207 na 208, na vipimo vyake vinne. Seli zipe majina ya Kiswahili unayoyaelewa, "urefu_pipa", "kimo_shafti", na vipimo vya michoro viyasome majina hayo, kamwe usiandike 47.6 kwa mkono ndani ya mchoro. FreeCAD inakuruhusu kuligeuza jedwali kuwa la uchaguzi, unachagua mstari na vipimo vyote vinafuata. Halafu chora mchoro mama mmoja wenye mistari michache tu: kitovu cha shafti, ncha mbili za pipa, miguu inaposimama, ule mpaka wa kufungia kiti cha injini. Vipande vyote vishikilie mchoro mama na bapa za asili za faili, zile zisizohama umbo likibadilika. Visishikilie uso wa kipande kingine. FreeCAD ilijulikana kwa kuchanganya majina ya nyuso pale umbo linapobadilika, unakuta tundu limerukia upande wa pili. Toleo la 1.0 la Novemba 2024 limepunguza sana tatizo hilo, ila halijalimaliza, na hata kwenye programu za kulipia mchoro uliojengwa uso juu ya uso hubomoka pale sehemu moja inapozimwa.

Usiingize kila kitu kwenye jedwali. Nimeona majedwali ya safu 80 ambayo hata aliyeyaandika anaogopa kuyagusa. Kipimo ambacho hakijawahi kubadilika kati ya mashine mbili hakina haja ya safu. Ukimaliza, jaribu ncha: weka 500, kisha 1200, kisha rudi 500, na uangalie kama kila kitu kimerudi palepale. Ikivunjika, ivunjike mezani kwako.

Sasa nijibu swali lako la faili moja au mengi. La vipimo ni moja. Ya vipande ni machache, yanayosoma lile la kwanza, yote ndani ya folda moja. Na kila mashine iliyouzwa ina folda yake ambayo haibadiliki tena: michoro ya PDF kama ilivyokwenda kwa fundi, na umbo la mashine kwa faili la STEP, ambalo programu nyingi za uchoraji hulifungua, pamoja na mstari wa jedwali uliotumika. Folda hiyo ipe namba ya mashine, na namba hiyohiyo igonge kwenye kibamba kwenye fremu. Mchoro mama utaendelea kukua. Mashine iliyoko Uvinza haikui. Mwenye nayo akipiga simu baada ya miaka mitatu anataka shafti, hutaki kumuuliza aipime kwa rula.

Kwa vipande fuata sheria hii. Ukibadilisha kipande na kipya kinaweza kufungwa mahali pa cha zamani bila kugusa kingine, ongeza herufi ya toleo: F-014 A inakuwa F-014 B. Kikishindwa kufungwa mahali pale, hicho ni kipande kingine, kipe namba mpya kabisa. Fremu yako ya UCP 207 ilistahili namba mpya siku ileile uliyoichora. Kama ingekuwa nayo, fundi angeona namba mbili tofauti na angeuliza. MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, ikaletwa Kigoma kwa reli vipande vipande, ikaundwa tena hapa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Nikiifikiria meli ile huwa nawaza bamba moja moja likishushwa kwenye behewa, na watu wa hapa stesheni wakilazimika kujua lilikuwa linakwenda wapi.

Fundi usimpe jedwali. Ofisini jedwali ni zuri, lakini karatasi yenye safu tatu za vipimo ikifika kwenye grainda, siku moja macho yatasoma safu ya jirani. Chapa karatasi ya mashine moja, yenye vipimo vya mashine hiyo tu, na namba yake kwa herufi kubwa juu.

Yale mafaili 61 usiyafute, na usikae mwezi mzima kuyahamisha. Yapeleke folda ya "zamani", yafunge yasomeke bila kuandikika, nakala moja kwenye flashi inayokaa nyumbani. Jenga ule mwili wa 800 kwanza kwa kuwa ndio unaokaribiana na oda zako nyingi, pamoja na kiti cha dizeli. Vingine vije oda zikija.

Na hizo fremu mbili zilizotobolewa vibaya usizikate. Matundu yako yako 121, unayataka 127: kila upande ni mm 3 kwenda nje. Yarefushe kwa tupa yawe ya yai, weka washa nene. Kwa kimo, shafti itakaa juu kwa mm 4.7, kwa hiyo chini ya miguu ya pipa weka vipande vya bamba la mm 5. Ile mm 0.3 inayobaki haitagusa mapanga. Ila pima beringi uliyonunua kwa vernia kwanza, maana watengenezaji hawafanani kabisa. Kisha kwenye folda za mashine hizo mbili andika kwamba zina bamba la 5 chini ya pipa.